Nahodha Amevuliwa Unahodha

Riadha ndiyo iliyoniponza. Agosti 14, 2020, Joshua Cheptegei alipovunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Monaco kwa dakika 12:35.36, nilikuwa na maikrofoni Kampala, nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kazi yenyewe ilikuwa nini? Kuhesabu mizunguko kumi na miwili na nusu. Kuanzia hapo nikajiita mtangazaji wa michezo yote: soka, ngumi, raga, hata kuogelea, na mimi maji yakipita kiuno naita mama.

"Ssebo, mpira wa pete unauweza?" bosi akaniuliza Ijumaa moja.

"Bosi, huo nimekulia."

Waliocheza ni dada zangu. Mimi nilikuwa nawashikia viatu.

Kesho yake nikapelekwa ukumbi wa Lugogo, kutangaza moja kwa moja kwa Kiswahili. Mlangoni askari akanisikia nikiongea, akasimama wima na kunipigia saluti. Ndiyo Kampala hiyo: ukizungumza Kiswahili fasaha, watu wanadhani umetoka kambini.

Mchambuzi wangu, mchezaji wa zamani, alikuwa amekwama kwenye foleni Barabara ya Jinja. Nikaanza peke yangu. Wasichana walikuwa na herufi kifuani: GS, GA, WD na nyingine sikuzijali. Lakini kila timu ilikuwa na mmoja mwenye C kubwa, peke yake. Nani asiyejua C? Kapteni!

"Nahodha anaanzisha! Nahodha tena!" Na kweli, kila baada ya bao mpira uliwekwa mikononi mwa C mmoja, kisha zamu ya C mwingine. Nikawaambia watazamaji huu ni mchezo wenye adabu, viongozi wanaachiana nafasi.

Robo ya pili, kocha wa kijani akambandua msichana ile C, akampa WA. C akapewa mwingine.

"Mtazamaji, nahodha amevuliwa unahodha! Hadharani! Mbele ya wazazi wake!"

Robo ya tatu C ikahamia kwa mtu wa tatu. Sauti yangu ikashuka, kama ya msibani. Nikasema timu hii ina mgogoro mkubwa, viongozi wake waitishe kikao usiku huu huu. Simu yangu ilikuwa inatetemeka ndani ya koti nililoliangika kitini. Nikadhani ni pongezi.

Mechi ilipokwisha nikashuka uwanjani na kamera. Nikamkuta yule wa kwanza, jasho linamtiririka, anacheka na wenzake. Nikamwekea mkono begani.

"Pole sana, mwanangu. Umeupokeaje uamuzi wa kukuvua unahodha?"

Akanitazama. Akamtazama mwenzake mwenye C. Akainyoosha mikono, akaibandua ile herufi, krrraa, ule utepe unaong'ang'ania kama mbigili.

"Afande, hii ni Senta. Mtu wa katikati. Nahodha ni yule golikipa."

Kisha akanibandika C kifuani, kwenye sweta langu la sufu, mbele ya kamera. Ikashika vizuri kuliko kwenye jezi.

Kwenye simu nilikuta ujumbe kumi na tisa wa mchambuzi, wote neno moja: SENTA.

Nikatoka nje kutafuta bodaboda. Kwenye kibanda cha rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, pale stejini kulikuwa na televisheni ndogo, na vijana wote wakageuka kunitazama. Wa kwanza akawasha pikipiki, akanisogezea kofia.

"Panda, Nahodha."