Mwenye gari lisilo na paa ndiye anayeombwa mabati

Kosa langu lilikuwa picha. Ilikuwa Jumapili ya mwezi Mei, jua limetoka la kweli, si lile la kuchungulia na kurudi ndani. Nimeegesha nje ya nyumba hapa Coventry, Uingereza, paa nimelikunja, kiwiko kimelala juu ya mlango. Nikaituma kwenye grupu la ukoo. Chai haijapoa, binamu mmoja wa Dar ameshaandika "Mzungu wetu!", mwingine anauliza kama kazini kwetu bado wanaajiri. Shangazi, ambaye kwa kawaida hutuma dua za Ijumaa tu, akanijia pembeni kwa ujumbe wa sauti: nyumba yake ya Pangani inavuja, anaomba mabati ishirini.

Sikumlaumu. Kwetu gari jekundu la viti viwili ni gari la mtu aliyemaliza shida zake zote na sasa anatafuta nyingine. Ningemwambia bei angeona namficha. Nililinunua paundi 1,400, ambazo kwa hela ya nyumbani hazikufika shilingi milioni 5. Kwa pesa hiyo Dar hupati Toyota IST inayotembea. Labda ya kuvutwa.

Huu ni mwaka wangu wa 12 Uingereza, na kama ningeulizwa tofauti moja tu ya huku na kwetu nisingetaja baridi wala treni. Ningesema hivi: huku chuma ni bei chee, mkono wa mtu ndio ghali. Kwetu chuma tunakiweka kama dhahabu, tunakifunika turubai, na mkono wa mtu tunaupa buku tano na maneno juu. Gari langu limenifundisha hilo vizuri kuliko mshahara ulivyonifundisha.

Ni Mazda MX-5 ya 2003, injini ya 1.8, gia za mkono, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma. Mazda waliitoa hadharani Chicago mwezi Februari 1989, wakiiga vigari vya wazi vya Kiingereza vya zamani, ila vyao havikudondosha oili. Mji huu ninaokaa ndiko vilikozaliwa baadhi ya vile vya zamani. Triumph Spitfire ilikuwa ikiundwa Canley, hapa hapa Coventry, hadi 1980 kiwanda kilipoacha kuunda magari. Leo Waingereza wenye hamu ya ujana wao wananunua ya Hiroshima, Japani, yanakoundwa haya ya Mazda. MX-5 zimeshatengenezwa zaidi ya milioni moja, ndiyo maana za zamani zimejaa na bei imelala. Mtu akipata mtoto anauza. Mgongo ukianza kuuma anauza. Novemba ikifika na mvua ya ubavu, wanauza wote kwa pamoja, na huo ndio wakati wa kununua.

Mie nilinunua Novemba, kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu katika kijiji cha karibu na mji wa Rugby. Kabla sijatoka nyumbani nilikuwa nalijua lile gari kuliko ninavyowajua majirani zangu. Huku karibu kila gari lililofikisha miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, ukaguzi wanauita MOT, na matokeo yanawekwa kwenye tovuti ya serikali. Unaandika namba ya gari, bure, huulizwi wewe nani. Nikasoma: mwaka huu lilifeli kwa tairi, mwaka ule balbu, maili zimepanda taratibu bila kuruka wala kurudi nyuma. Na miaka mitatu mfululizo mkaguzi ameandika kwamba kuna kutu upande wa chini, haijafikia kufelisha, iangaliwe.

Wewe uliyenunua gari kwa dalali wa Bongo utanielewa nilivyojisikia. Kwetu historia ya gari ni mdomo wa dalali: "Hili halina swali, lilikuwa la mama mmoja, kanisani na nyumbani." Namba za kwenye dashibodi husema anachotaka muuzaji. Ila sisi tuna kinga yetu: huendi kununua peke yako. Unakwenda na fundi. Anasikiliza injini huku anaangalia kwingine kabisa, anagusa boneti kwa ukucha, anavuta mkeka ananusa. Nikiwa kule kijijini nilikuwa na karatasi zote za dunia, lakini sikuwa na fundi. Neno "kutu" nililisoma vizuri sana, nikanywa chai ya mzee, nikalipa.

Januari mguu wangu wa kushoto ukaanza kulowa kila nikikanyaga klachi. Nikadhani ni viatu. Siku moja nikabonyeza zulia kwa kiganja, maji yakapanda katikati ya vidole kama nimekamua nguo. Kumbe paa lile la turubai, mvua ikinyesha, maji hushuka nyuma kwenye mfereji wa mpira, yanaingia kwenye vijitundu viwili vilivyojificha nyuma ya viti, kila upande kimoja, kisha hutokea chini mbele ya tairi la nyuma. Majani yakiziba vijitundu hivyo, maji hutafuta njia nyingine: ama ndani kwenye zulia, ama ndani ya bodi chini ya mlango, pale unapopakanyaga ukishuka. Hapo yanakaa. Nje rangi inang'aa, ndani chuma kinaliwa. Nilisukuma waya wa nailoni, ule wa mashine ya kufyekea majani, taratibu, ukagoma, nikauzungusha, ukapita. Yakatoka maji meusi na harufu ya kisima kilichofunikwa miaka. Nililiona tope likifuatiwa na vipande vidogo vya rangi ya kahawia, kama maganda ya karanga. Vipande vile vilikuwa gari langu.

Machi likafeli MOT. Gereji ya kwanza wakataka paundi 900 kukata na kuchomelea pande zote mbili, kijana akaongeza kwa upole kwamba kwa gari la bei hii wengi huamua kulipeleka likasagwe. Alisema bila ubaya wowote. Injini inaimba, gia laini, tairi mpya, lakini saa za mtu wa kulichomelea zinazidi bei yake, basi likafe. Nilitembea mpaka kituo cha basi nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani.

Usiku nikampigia mjomba. Mjomba wangu ni fundi bodi, Ngamiani, Tanga, chini ya mwarobaini ule ule tangu sijazaliwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hilo ndilo gari lenyewe?"

Nikageuza kamera, nikaingia uvunguni na tochi. Akaniambia nigonge kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele kwenda nyuma. Ko, ko, ko, ko, kisha pu. "Rudia hapo," akasema. Pu. "Kutoka hapo mpaka nyuma hakuna kitu, ni rangi inashikana mikono. Nyie mnakaa pwani gani huko?" Nikamwambia hakuna pwani, ila baridi ikija halmashauri inamwaga chumvi barabarani ili barafu isigande. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. "Mjomba, sie Tanga chumvi inatuletea bahari, hatuna la kufanya. Nyie mnaimwaga kwa mikono yenu?" Akacheka mpaka akakohoa.

Halafu akawa fundi. Niwaambie wakate mpaka wafike kwenye chuma kilicho hai, wasibandike bati jipya juu ya lililooza. Wasinipigie puti ya kuzibia mashimo nikaona panang'aa. Wakimaliza wamwage nta ndani, si nje tu. Nikamuuliza yeye angetoza ngapi. Akafikiri. "Siku tatu. Laki moja na nusu, na bati lake." Hizo hazifiki hata paundi 50. Zile gereji za huku, paundi 50 hazimalizi saa moja.

Mwishowe nilimpata mzee mmoja wa Kiingereza mwenye kibanda nyuma ya viwanda, akafanya yote kwa paundi 520. Nikamweleza maneno ya mjomba moja moja, akanitazama juu ya miwani, akauliza huyo mjomba anafanya kazi gereji gani. Nikamwambia ya kwake mwenyewe.

Mpaka hapa utasema naisifu Tanga na kuisema vibaya Coventry, na ndivyo nilivyokuwa nikisimulia mwanzoni, kila harusi. Siku hizi nasita. Nilimkuta yule mzee akichomelea: kofia ya kuchomelea ya kioo kinachojitia giza chenyewe, glavu za ngozi hadi kiwiko, feni ya kuvuta moshi, mtungi wa kuzimia moto karibu na mguu. Ndani ya zile 520 mna bima yake, likizo yake, na macho yake. Mjomba huchomelea kwa miwani ya jua ya kutembeza. Nikiwa mdogo nilikuwa namsikia usiku akilalamika macho kama yana mchanga, bibi anamwekea vipande vya viazi mbichi. Ana miaka 61 na sasa anasoma meseji kwa kunyoosha mkono wote. Ile laki moja na nusu ni rahisi kwa sababu macho hayakuhesabiwa. Na sisi wateja ndio wa kwanza kupiga kelele: fundi mwongo, fundi kala hela, fundi kasema kesho. Nimemsema mjomba maneno hayo mimi mwenyewe, mwaka aliponitengenezea pikipiki.

Watu huniuliza kama nitarudi nalo. Usukani uko kulia, kwa hilo lingefaa. Mengine yote hayafai. Kenya gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia, na Tanzania likizidi 10 linapigwa asilimia 30 ya uchakavu juu ya ushuru mwingine. Tumbo lake liko chini mno, tuta la kwanza la shule lingelichana kama papa wa kukaanga. Na hata likifika, nifungue paa saa ngapi? Ukikunja paa Tanga saa sita mchana, watu watauliza unamwadhibu nani. Raha yote ya gari hili ni njaa ya jua, na njaa hiyo inapatikana huku tu. Waingereza hufungua paa kwenye nyuzijoto 9, kofia ya sufu kichwani, hita imewashwa miguuni, pua nyekundu, wanacheka. Nilidhani ni wehu. Februari hii nilikuwa mmoja wao.

Kuna jambo moja sikulitegemea. Miaka yote hii nimepita mitaa ya huku bila salamu. Tangu nipate gari, kila nikikutana na mwenye MX-5 mwenzangu ananipungia mkono, nami napunga. Bibi wa miaka sabini na kitu, mwenye ya buluu, hupiga na taa. Kwetu ningesalimiwa na nusu ya mtaa kabla sijafika dukani, kwa miguu. Huku nimelipia paundi 1,400, na 520 za kuchomelea, na bima, na kodi ya barabara ambayo kwa gari linalotoa moshi mwingi kama hili inazidi 300 kwa mwaka. Nyumbani hiyo ya mwaka walishaifuta 2017 wakaiingiza kwenye mafuta.

Mjomba nilimtumia kofia kama ya yule mzee, kwa mkono wa jamaa aliyekuwa anakwenda likizo. Nilipopiga simu kuuliza, aliniambia ni nzuri sana, ameitundika kwenye mwarobaini mahali ambapo kila mteja anaiona, na tangu aitundike hakuna anayembishia bei. Nikamuuliza, lakini unaivaa? Akasema kazi zikiwa kubwa.

Shangazi nilimpelekea mabati kumi na mawili. Anashukuru sana, anasema chumba cha nyuma bado.