Kiwanda kilipofungwa, tukabaki na kabila

Kila uchaguzi ukikaribia, wachambuzi wa Nairobi husema sisi wa magharibi mwa Kenya tunapiga kura kwa kufuata kabila. Mara nyingi ni kweli. Ninachokataa ni dhana kwamba tumezaliwa hivyo.

Tazameni Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilianza kazi miaka ya 1970 na mji ukakua kukizunguka: nyumba za kupanga, hoteli, maduka ya kukopesha hadi mwisho wa mwezi. Moshi wake ulinuka vibaya na kula mabati ya watu, nao walilalamika kwa haki. Lakini karo na unga vilitoka humo humo. Mbukusu, Mjaluo na Mteso waliingia shifti moja, wakagombana na meneja mmoja, wakangoja mshahara siku moja.

Mwaka 2009 kikafungwa. Mishahara ilikwenda, na nguvu ya chama cha wafanyakazi ikaenda nayo. Hapo ndipo mwanasiasa alipopata mlango. Mtu aliyezoea kudai nyongeza na malipo ya uzeeni, sasa anaulizwa tu, "Mtu wetu ni nani?" Tangu lini njaa ya Mteso ikawa tofauti na ya Mbukusu?

Mumias iliumia zaidi, naona, kwa kuwa huko hata mkulima wa miwa alijihesabu mtu wa kiwanda. Kampuni iliyowahi kuongoza nchini kwa sukari iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kampuni inaposhindwa kulipa madeni, mwaka 2019, kesi zikafuatana mahakamani. Kisumu nako, wazee bado wanaitaja Kicomi, kiwanda cha nguo za pamba.

Wagombea wanalijua jeraha hili. Neno "kufufua kiwanda" halikosi jukwaani, nasi hushangilia kwa sababu tunaahidiwa heshima yetu. Siwalaumu wanaoshangilia. Nawalaumu wanaoahidi bila kusema mtaji utatoka wapi, au kama watu wataandikwa kwa mkataba au watabaki vibarua wa kutwa. Panpaper iliuzwa kwa mwekezaji wa kibinafsi mwaka 2016, na Webuye ile ya zamani haijarudi.

Mwaka 2027 watakuja tena. Natamani waliowahi kufanya kazi viwandani, wa makabila yote, wakae mbele pamoja na madai yameandikwa: kwanza malimbikizo ya walioachishwa, kisha mikataba, kisha uhuru wa kujiunga na chama. Mgombea atakayejibu kwa kutaja kabila la mpinzani wake, tumnyime kura.