Ampea 22: muziki mpya ndani ya Land Rover ya zamani

Oktoba 2024, Land Rover zilipojaa Arusha kwa ajili ya tamasha lao, nilikuta watu wamezunguka 109 moja ya kijani, Land Rover ile ndefu. Milango ilikuwa wazi, na ndani lilikuwa linapigwa rumba safi: besi imetulia, gitaa la solo unalifuata uzi kwa uzi. Watu walikuwa wanachungulia dashibodi kutafuta redio, hawaioni. Bati ni lile lile, mita ni zile zile, swichi ni zile zile zilizochakaa kwa vidole vya miaka sitini. Mzee mmoja, naye ana Land Rover yake ya toleo la Series II aliyoiegesha hatua chache kutoka pale, akauliza muziki unatoka wapi. Kijana mwenye gari akamwonesha: kiamplifaya kidogo kuliko Biblia ya mfukoni, kimefichwa nyuma ya rafu, kinapokea muziki kutoka kwenye simu kwa Bluetooth.

Mzee akatikisa kichwa. "Basi hilo si Land Rover tena, mwanangu. Hilo ni spika lenye matairi."

Tulicheka sote. Kijana naye akacheka, kisha akasema kwa adabu, "Lakini mzee wangu, hata ile redio iliyomo kwenye gari lako haikuja na gari." Mzee hakujibu. Mimi nimeendelea kulitafakari jibu hilo mpaka leo, kwa sababu naona kijana alihukumiwa upesi.

Ukweli ni kwamba hakukosea. Ukichukua Series II au IIA ya miaka ya 1960 ukaiangalia dashibodi, huoni tundu la redio. Kuna bamba la mita katikati, na chini yake rafu ndefu ya kuwekea makorokoro, basi. Aliyetaka redio alifungiwa na duka lililomuuzia gari au na fundi wa mtaani, ikaning'inizwa chini ya rafu kwa vipande viwili vya bati. Kwa hiyo redio ile ambayo leo tunaitazama kwa heshima, yenye vitufe vitano na sindano inayotembea juu ya namba, ilikuwa nyongeza. Kuna mtu aliyetoboa bati kuifunga. Hakuna aliyempigia kelele, na akafa zake akiwa na jina zuri.

Na hivyo ndivyo muziki ulivyoingia kwenye magari tangu mwanzo. Mwaka 1930 kampuni ya Paul Galvin kule Chicago ilianza kuuza redio za kufunga kwenye magari ambayo hayakutengenezwa kwa ajili ya redio, na jina la bidhaa hiyo, Motorola, ndilo likaja kuwa jina la kampuni. Mwaka 1956 Chrysler walifunga kicheza santuri chini ya dashibodi, chenye sahani maalumu za kuzunguka polepole, na hakikudumu. Siku hizi hata viwanda vyenyewe vimekiri. Mwaka 2020 Porsche walitoa redio ya kufunga kwenye magari yao ya zamani, uso na vitufe vya kufanana na vya enzi zile, ndani yake ramani na muunganisho wa simu. Kama aliyelizaa gari anasema inawezekana, sisi wengine tunapata wapi ukali huu?

Hata hivyo upande wa mzee una hoja, na nzito kuliko anavyoweza kuieleza mwenyewe akiwa amekasirika. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina mkataba uitwao wa Torino, uliopitishwa mwaka 2012, unaolitazama gari la kale kama sehemu ya urithi wa utamaduni. Kwa mtazamo huo kitakachobadilishwa kiwe cha kuweza kurudishwa, na kazi iliyofanyika iwekewe kumbukumbu. Anayedhani hayo ni maneno ya Wazungu wenye muda mwingi hajaona kilichoipata Volkswagen Beetle ya baba mdogo wangu. Alitaka redio ya kaseti. Tundu la redio ya zamani lilikuwa la shafti mbili na dirisha dogo katikati. Redio mpya ilitaka mstatili wa milimita 180 kwa 50. Fundi akachukua msumeno wa chuma. Kazi haikumaliza hata robo saa. Redio ile iliibiwa mwaka uliofuata, lakini tundu lipo mpaka leo, kingo zimepinda kama mdomo wa kopo la nyanya. Bati la dashibodi likishakatwa haliponi. Kwenye Beetle dashibodi ni sehemu ya bodi yenyewe, si plastiki ya kuchomoa na kununua nyingine.

Kwa hiyo ninapomtetea kijana, simtetei mwenye msumeno. Nadhani mzee aliwaona wote wawili kuwa ni mtu mmoja, na hapo ndipo alipoteleza.

Kuna jambo jingine ambalo wahafidhina hawalisemi na lingewasaidia sana. Zile redio za vitufe vya kubonyeza hukariri stesheni kwa mitambo: unaivuta sindano mpaka stesheni, unakivuta kitufe, unakisukuma ndani, na kuanzia hapo kitufe kinaikumbuka sehemu ile kwa chuma na skrubu, betri iwepo isiwepo. Fikiria maana yake. Redio iliyokaa kimya kwa miaka thelathini bado imeshika mahali ambapo mwenyewe alikuwa akiipata Radio Tanzania usiku wa taarifa ya habari, au Sauti ya Kenya akiwa upande wa Namanga. Ni daftari la mtu ambaye huenda ameshakufa. Sasa wapo mafundi wanaozifungua redio hizi, wanatoa matumbo yote, wanaweka saketi mpya ya FM na Bluetooth nyuma ya uso ule ule. Kazi ni nzuri, ukiangalia hujui kitu, na magazeti ya magari huisifu. Mimi inanitia shaka kuliko amplifaya ya kijana. Gari linabaki na sura yake, na daftari limetupwa kwenye ndoo ya taka. Kijana hakuwa na redio ya zamani. Angekuwa nayo angeweza kuiacha mahali pake, nzima, pamoja na vitufe vyake, na mfumo wake ukaendelea kukaa nyuma ya rafu bila kugombana nayo.

Lakini suala la sura ni jepesi ukililinganisha na la umeme. Hapa kuna namba moja ambayo kila anayetaka muziki kwenye Land Rover ya zamani aikariri: 22. Dinamo ya Lucas C40, mashine ya kuzalisha umeme wa gari iliyofungwa kwenye Series II na IIA nyingi, hutoa ampea 22 ikiwa katika ubora wake, yaani kama wati 300. Alternata ya gari dogo la leo, mrithi wa dinamo, inatoa mara tatu ya hapo bila kutoka jasho.

Hebu tuzihesabu ampea zenyewe, usiku, mvua inanyesha. Taa kubwa mbili za wati 60 zinakula ampea 10. Taa ndogo za mbele na nyuma, ya namba na za mita, weka 3. Koili ya kuwashia, kama injini ni ya petroli, 3 na nusu hivi. Waipa, 2 na nusu. Umefika 19. Zimebaki 3, na hizo ndizo za muziki. Sasa kanyaga breki: taa mbili za wati 21 zinachukua 3 na nusu. Umeshakuwa na deni, na deni hilo linalipwa na betri. (Mwenye dizeli atatabasamu hapa kwa sababu hana koili ya kulisha, lakini naye ana kelele za injini za kushindana nazo, hivyo tusimwonee wivu.)

Ongeza foleni. Dinamo haifanani na alternata. Injini ikinguruma taratibu gari likiwa limesimama, haichaji kitu cha maana. Kutoka Ubungo hadi Kimara, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni ni safari ya kula betri tupu. Kwa hesabu hizi mzee angeshinda kesi asubuhi na mapema: muziki wa kisasa utaua betri, fundi atashauri alternata, alternata itadai waya mpya, na mwisho wa mwaka umebakiwa na jina la Land Rover tu.

Ila kijana alikuwa amepiga hesabu zake. Wati zinazoandikwa kwenye maboksi ya redio ni za kuuzia. Redio inayojitangaza "4 × 50" kwa kawaida hutoa chini ya nusu ya hapo kwa kila spika ukipima kwa haki. Na muziki haupigi king'ora kisichokatika. Una vilele na mabonde, na wastani wake ni sehemu ndogo ya kilele. Amplifaya za siku hizi za daraja D hupoteza umeme kidogo sana kwa joto, tofauti na zile za zamani zilizokuwa zikichemka kama pasi. Halafu kuna siri ya spika: kila desibeli 3 za wepesi wa spika, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa umeme ule ule, zinapunguza nusu ya umeme unaohitajika kwa sauti ile ile. Spika ya desibeli 92 inataka nusu ya umeme wa spika ya 89. Mtu anayechagua spika kwa rangi ya koni na ukubwa wa sumaku anaiadhibu dinamo bila kujua. Kijana alichagua spika nyepesi na kiamplifaya kidogo, na kwa sauti ya kusikiliza mkiwa mnaongea mfumo wake unakaa ndani ya zile ampea 3. Usiku wa mvua na foleni, anazima. Hataki alternata. Wapo wanaofunga alternata iliyovalishwa gamba la dinamo ili macho yasione tofauti, lakini alisema hiyo kwake ni kudanganya, na muziki wa kuzima wakati wa shida haumpunguzii kitu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba yeye na mzee wanaswali msikiti mmoja.

Lipo pia suala la chanya na hasi, ambalo limeunguza magari mengi kuliko watu wanavyokubali. Series II na IIA za mwanzo, kama magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule, waya wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Vifaa vya leo karibu vyote vinataka bodi iwe hasi. Ukifunga redio ya kisasa ya chuma kwenye gari la namna hiyo, skrubu ikigusa bati, unapiga shoti. Ukibahatika fyuzi inakatika, usipobahatika unanusa moshi. Gari lenyewe lina fyuzi mbili tu, na waya ambazo gamba lake limekauka kama ganda la karanga. Unaweza kugeuza mfumo wote uwe hasi, maana dinamo inakubali kufundishwa upya na amita, ile mita ya ampea, unaigeuzia nyaya zake, ni kazi ya mchana mmoja kwa fundi umeme anayejua. Kijana hakugeuza. Alitumia kigeuzi cha umeme kilichotenganishwa na bodi, na akavuta waya wake mwenyewe moja kwa moja kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake sentimita chache tu kutoka kwenye betri. Waya wa kiwandani hata mmoja hakuugusa. Anayetaka kumlaumu amlaumu kwa jingine.

Na kuna faida moja ambayo vitabu vya magari ya kale vya Ulaya havina sababu ya kuitaja. Redio inayoonekana ni mwaliko. Sisi tuliokuwa tukitembea na uso wa redio mfukoni mpaka baa na msibani tunajua. Gari lisiloonesha redio halivunjwi kioo kwa ajili ya redio.

Palipobaki na ubishi wa haki ni kwenye spika zenyewe. Kwenye Beetle ya zamani jambo ni rahisi: kuna wavu wa kupitishia sauti pembeni ya mita ya mwendo, na nyuma yake nafasi ya spika moja. Spika yenye koili mbili kwenye koni moja inapokea kushoto na kulia kwa pamoja, hivyo huhitaji kutoboa milango. Kwenye Land Rover hakuna mahali pa namna hiyo. Kijana ametengeneza visanduku viwili vya mbao, vimekaa juu ya rafu kwa kukazwa na vishikizo vya mpira, tundu la skrubu hakuna hata moja. Vinaonekana kidogo ukiinama. Vumbi la barabara ya Monduli limeshaingia kwenye koni moja, nilisikia ikikwaruza kwenye sauti ya juu, na nadhani kabla ya miaka miwili atakuwa anatafuta nyingine. Chini ya kiti cha abiria, kwenye sanduku la vifaa, ameweka bahasha ya nailoni. Ndani kuna mchoro wa waya aliouchora kwa kalamu, rangi na fyuzi zote zimeandikwa, na juu ameandika tarehe na maneno haya: "Ukitaka kutoa, anza na waya mwekundu wa betri."

Mzee aliiona bahasha hiyo tulipokuwa tunaondoka. Aliusoma mchoro mpaka mwisho, akaurudisha, akauliza spika zile alizinunua wapi.