Boreray: matuta yapo, tarehe bado

Boreray, katika visiwa vya St Kilda magharibi mwa Uskoti, ni kisiwa cha hekta 77 hivi, na kilele chake kina mita 384. Ufuko wa kushukia hakuna. Mtu huvizia wimbi, akaruka kutoka mashuani hadi mwambani. Ndiyo maana kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba wakazi wa Hirta, kisiwa jirani, walikuwa wakienda kule kwa msimu tu, kuwinda ndege wa baharini na kuchukua manyoya ya kondoo.

Mwaka 2011 wanaakiolojia wakatangaza kwamba wameona mashamba yaliyogawanywa, matuta ya kilimo kwenye mteremko, na nyumba ya mawe iliyofunikwa na udongo na majani. Wakasema huenda watu waliishi pale moja kwa moja, na huenda tangu Zama za Chuma, yaani miaka 2,000 hivi iliyopita. Hizo ni "huenda" mbili, na kila moja inadai ushahidi wake.

Ile ya kwanza naikubali kwa urahisi zaidi. Hakuna anayejipinda kujenga matuta kwenye mteremko mkali kwa sababu ya ziara ya wiki moja. Mazao hutaka mtu wakati wa kupanda, wa kupalilia na wa kuvuna, na bahari ile haitoi ahadi ya siku ya kushuka. Anayepinga atasema watu wa Hirta wangeweza kulima kule na kurudi kwao. Wangeweza, lakini hiyo ni kamari ya njaa.

Hata hivyo, nyumba peke yake isitudanganye. Agosti 1727, wanaume 3 na wavulana 8 walipelekwa kuwinda kwenye Stac an Armin, mwamba ulio jirani na Boreray. Ndui ikaingia Hirta, ikaua watu wengi, na hakukubaki wa kuwafuata. Walikaa mwambani hadi Mei 1728, na wote walitoka hai. Kwa hiyo kibanda na jiko la moto vyaweza kuwa vya watu waliokwama tu. Matuta ndiyo yenye uzito.

Kwenye "huenda" ya pili ndipo ninaposita. Ufundi wa nyumba ile, wa kupanga mawe hadi yajifunge juu kama paa, haukuisha na Zama za Chuma. St Kilda kuna vibanda vya mawe vya kuhifadhia chakula zaidi ya 1,400, na wakazi waliendelea kuvijenga karne nyingi baadaye. Umbo la nyumba, basi, halitaji umri. Mwandishi Martin Martin, aliyefika St Kilda mwaka 1697, aliandika habari za nyumba ya Boreray iliyokuwa imeota majani kama kilima kidogo, na wenyeji wakamsimulia kuwa ilijengwa na mtawa wa zamani. Kama ndiyo hiyo, ilikuwa kongwe tayari. Lakini kati ya "kongwe mwaka 1697" na miaka 2,000 iliyopita pana nafasi kubwa. Hirta kuna handaki la mawe linalohesabiwa kuwa la Zama za Chuma, ila umri wa jirani si umri wako.

Je, ichimbwe? Wanaokataa wana hoja nzito: mteremko ukifunuliwa, mvua inasomba udongo, ndege wanaotaga ni maelfu kwa maelfu, na St Kilda ni Urithi wa Dunia kwa maumbile na, tangu 2005, kwa utamaduni pia. Mimi ningeiacha nyumba kama ilivyo, kwani ikishafumuliwa hairudi. Ila shimo dogo chini ya ukuta wa tuta mmoja linatosha kutoa mkaa au punje iliyoungua ya kupimwa kaboni, ili umri wake ujulikane. Swali hasa ni lini watu walilima pale, na jibu limelala chini ya ukuta huo.