Fomu ya kuomba bei kwenye tovuti ya fundi: iulize mengi au machache?

Fundi wa Lubumbashi anayejitengenezea tovuti hukutana mapema na swali moja: fomu ambayo mteja ataijaza ili kuomba makisio ya bei, yaani devi, iwe na visanduku vingapi? Watengenezaji wengi wa tovuti watamwambia kwamba vitatu vinatosha, yaani jina, namba ya simu na maelezo mafupi ya kazi, kwa sababu kila swali linaloongezwa huwachosha watu wengine wakaondoka. Fundi mwenyewe, hasa aliyewahi kuvuka mji kutoka Ruashi hadi Golf kwenda kutazama kazi ambayo mteja hakuwa na nia ya kuifanya, hutaka kuuliza kila kitu kabla hajapanda teksi. Kila upande una haki yake, lakini nadhani wote wanabishana juu ya idadi ilhali kipimo kiko kwingine. Urefu wa fomu unapaswa kuamuliwa na kile ambacho mteja anaweza kukijua mwenyewe kuhusu kazi anayoiomba, na hilo hutofautiana sana kati ya ufundi mmoja na mwingine.

Tuchukue geti la chuma. Mteja anaweza kupima upana na kimo cha nafasi iliyopo, anaweza kusema kama anataka geti la kufunguka pande mbili au la kusukumwa kwenye reli, kama kutakuwa na mlango mdogo wa kupita watu, na kama nguzo zimekwisha kujengwa. Kwa majibu hayo fundi wa kuchomea vyuma hukadiria mabomba ya mraba, bati, vijiti vya kuchomea, rangi na siku za kazi, akatoa bei isiyo mbali na ile ya mwisho. Hapa fomu ndefu inamnufaisha hata mteja, kwa kuwa kila jibu linamsogeza karibu na bei ya kweli. Jambo ambalo mteja wa kawaida halijui ni unene wa bati, na kwa hilo asiachiwe kisanduku kitupu. Aonyeshwe aina mbili au tatu, kila moja ikielezwa inafaa wapi, pamoja na chaguo la kusema kwamba hajui.

Fundi wa mabomba hana bahati hiyo. Doa la maji linaweza kutokea mahali fulani ukutani huku bomba lililopasuka likiwa mbali na hapo, na mteja haoni bomba, anaona doa. Kumuuliza aina ya bomba na kipenyo chake ni kumlazimisha abahatishe, na makisio yaliyojengwa juu ya kubahatisha huzaa ugomvi siku ukuta unapovunjwa. Hata hivyo, kuna maswali machache ambayo mtu yeyote wa nyumbani anaweza kuyajibu na ambayo fundi akiyasoma anajua abebe nini. Je, maji ya nyumba yanatoka REGIDESO, shirika la maji, au kwenye kisima chenye pampu na tangi? Je, yanavuja muda wote, au pale tu mtu anapooga na kumwaga maji? Jibu la swali hili la pili hutenganisha, kwa kiasi kikubwa, bomba linaloleta maji na bomba linaloyaondoa. Kwa fundi wa umeme kuna swali fupi zaidi: umeme umekosekana chumba kimoja, nyumba nzima, au hata kwa jirani? Ikiwa jirani naye yuko gizani, basi huenda tatizo ni la SNEL, shirika la umeme, na fundi amebaki na nauli yake mfukoni.

Swali ambalo ningelitia katika fomu ya kila ufundi, na ambalo kwa urahisi husahauliwa katika fomu zilizoigwa kutoka tovuti za Ulaya, ni hili: nani atanunua vifaa? Hapa kwetu wateja wengi hupenda kununua wenyewe saruji, bati, waya au rangi, wakamlipa fundi kazi ya mikono tu, ama kwa sababu wanaogopa bei kuongezwa njiani, ama kwa sababu wananunua kidogo kidogo kadiri pesa inavyopatikana. Wengine hutaka fundi abebe mzigo wote. Tofauti kati ya njia hizi mbili hubadilisha jumla kuliko karibu jibu lingine lolote, na mafundi wawili waliotoa bei kwa lupango moja, yaani kiwanja kimoja, wanaweza kuonekana mmoja mwaminifu na mwingine mwizi, kumbe mmoja alihesabu vifaa na mwingine hakuhesabu. Swali hili likijibiwa, makisio yataje pia sarafu, kama ni dola au faranga za Kongo, na muda ambao bei itadumu, kwa sababu vifaa vingi vinaingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na bei yake dukani haikai mahali pamoja.

Sehemu ya anwani na mawasiliano haihitaji mjadala mrefu. Fomu inayodai msimbo wa posta au anwani ya barua pepe kwa lazima haikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa Katuba wala wa Kenya, sehemu mbili za mji wetu. Komine (sehemu ya mji), kartie (mtaa), avenyu (barabara) na alama ya jirani, kama vile kanisa, shule au kituo cha mafuta, vinatosha. Kisanduku cha simu kifungue kibodi ya tarakimu, na kikubali namba iwe imeanza na sifuri au na +243, iwe na nafasi katikati au isiwe nazo. Kusafisha namba ni kazi ya programu, si ya mteja. Jina la kila kisanduku liandikwe juu yake na kubaki hapo, kwa sababu maandishi ya ndani yanayofutika mtu anapoanza kuandika humfanya asahau alichoulizwa. Na mtandao ukikatika, majibu yabaki kwenye simu, asilazimike kuanza upya.

Mjadala mkali zaidi ni wa bajeti. Fundi anayeuliza mteja ana pesa kiasi gani ana sababu nzuri: mwenye dola 200 na mwenye dola 2,000 hawashauriwi jiko lilelile, na kulijua hilo mapema kunawaokoa wote wawili. Mteja naye ana sababu nzuri ya kunyamaza, kwani katika mji ambao bei hupatanwa, anayetaja kiasi chake kwanza hutarajia kwamba bei itapanda hadi kukifikia. Shaka hiyohiyo huliandama swali la mahali: wapo wanaoamini kwamba aliyeandika Golf, mtaa wa wenye pesa, hatapewa bei sawa na aliyeandika Kamalondo, mtaa wa watu wa kawaida, na si kila mara wanakosea. Mimi naelemea upande wa mteja. Fundi anayetaka kujua uwezo wa mteja na atangulie yeye kuonyesha viwango vyake, kwa mfano kazi tatu alizokwisha kufanya, kila moja na jumla yake, vifaa vikiwemo au visiwemo. Mteja atajipanga mwenyewe bila kuhojiwa. Ubaya wa njia hii ni kwamba washindani nao watasoma bei hizo, lakini sioni siri kubwa hapo, kwa kuwa mshindani anaweza kuzipata kwa kumtuma ndugu yake aulize.

Kuna watakaouliza kwa nini kuhangaika na fomu wakati WhatsApp ipo. Pingamizi hili ni la kweli kuliko wapenzi wa tovuti wanavyokiri. Kwenye WhatsApp mteja hutuma sauti, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa, hutuma picha na video, na hujua kama ujumbe umefika. Asiyependa kuandika hazuiwi na chochote. Udhaifu wake unaonekana upande wa fundi mwenye kazi nyingi, ambaye hukuta picha ya paa bila kipimo, sauti ndefu isiyotaja komine, na swali la kwanza ambalo ni "bei ngapi?" tu. Lakini hakuna ulazima wa kuchagua moja. Fomu fupi inaweza kukusanya majibu kisha ikayapanga kuwa ujumbe mmoja, na kiungo kinachoanza na wa.me, kikifuatwa na namba ya fundi yenye 243 bila alama ya kujumlisha, kikaufungua ujumbe huo ndani ya WhatsApp, tayari kutumwa. Mteja huongeza picha na sauti akiwa hukohuko. Njia hii pia huondoa tatizo la fomu zinazopeleka maombi kwenye barua pepe ambayo fundi haifungui wiki nzima.

Picha zinastahili tahadhari. Fomu inayopokea picha ya geti na kufuli lake, mahali nyumba ilipo, na saa ambazo wenyewe hawapo, imekusanya kila anachokihitaji mwizi, na wakati mwingine picha ya simu hubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa. Kanuni ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inazihusu taarifa binafsi za watu katika nchi yetu, na fundi mdogo asidhani kwamba iliandikwa kwa ajili ya kampuni kubwa pekee. Aulize ni lini anaweza kufika, asiulize ni lini nyumba huwa tupu, na picha za kazi zilizokataliwa azifute.

Linabaki suala la kinachotokea baada ya kutuma. Neno "Asante" peke yake halimwambii mteja kama kuna mtu upande wa pili. Ujumbe wa mwisho utaje nani atapiga simu, kwa namba ipi na kabla ya siku gani. Ikiwa kuja kutazama kazi kunalipiwa nauli, kiasi hicho kiandikwe juu ya fomu, kabla mteja hajajaza kisanduku cha kwanza, na kisemwe wazi kama kitapunguzwa kwenye bei iwapo watakubaliana.