Lami vuguvugu juu ya lami chakavu: dawa ipo, maji je?

Lami ikikwanguliwa barabarani, kinachobebwa na lori si takataka. Ni kokoto nzuri na bitumeni, gundi nyeusi inayozishikanisha, iliyokwisha kulipiwa, na kwetu sisi tunaoagiza bitumeni nje imelipiwa kwa fedha za kigeni. Tatizo ni kwamba bitumeni hiyo imezeeka. Jua na hewa vimeikausha, na mchanganyiko ulioibeba kwa wingi hugoma kushindiliwa. Njia ya siku zote ni kuongeza moto: kokoto mpya huchomwa kupita kiasi ili ziipashe ile chakavu inayorudishwa kwenye mchanganyiko, bitumeni mpya nayo inaungulia humo humo, na barabara inaanza uzee kabla haijapitiwa na gari.

Hapo ndipo zinapoingia dawa za lami vuguvugu. Mchanganyiko wa kawaida hutoka mtamboni ukiwa na nyuzi joto 150 au zaidi. Ule wenye dawa hushushwa kwa nyuzi 20 hadi 40. Mojawapo ya dawa hizo ni Sasobit, nta ya kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini. Ikifika nyuzi 100 hivi huyeyuka na kuilainisha bitumeni. Ikipoa huganda na kuikaza. Durban walianza kuijaribu lami vuguvugu mwaka 2008, na baadaye wakachanganya na chakavu. Faida nyingine haihitaji maabara kuiona: lori likimwaga, moshi unaowachoma macho mafundi ni mchache, na rola inapata dakika za ziada kabla mzigo haujapoa.

Wapinzani husema dawa ni ghali. Hoja hiyo siipi uzito. Wanayo nzito zaidi. Joto ndilo linaloyeyusha bitumeni ya zamani. Ukilipunguza, vipande vya chakavu huweza kubaki mawe meusi tu, gundi yao imejifungia ndani, nawe kwenye hesabu umeihesabu kana kwamba inafanya kazi.

Halafu kuna maji. Lami chakavu hurundikwa nje, hunyeshewa, na moto mdogo haumalizi kuikausha. Unyevu ukibaki kwenye kokoto, bitumeni haishiki, na masika ya kwanza huibandua. Hata zeolaiti, unga wa madini ulio dawa nyingine ya aina hii, hufanya kazi kwa kuachia maji iliyoyabeba, kama asilimia 20 ya uzito wake.

Kwa hiyo mkandarasi anayejisifu kwamba kipimajoto chake kimeshuka hanishawishi. Chakavu ikizidi robo ya mchanganyiko, ningependa dawa itumike kurahisisha ushindiliaji, na joto lishushwe kidogo tu. Na kabla ya dawa, mabati: rundo liezekwe. (Muuzaji wa dawa hatakutajia hilo, maana hauzi mabati.) Kisha sampuli zilowekwe, zipasuliwe kwa mashine na kulinganishwa na zile kavu. Zikibakiza chini ya asilimia 80 ya nguvu, lori lisitoke getini.