Mashine ifungue, mkono ufunge

Fundi anayefungua nati za tairi za gari yangu kwa impakti ya betri, mashine ya kufungua na kukaza nati kwa mapigo, namshukuru. Akitaka kuzifungia kwa hiyo hiyo, namshika mkono. Gereji wananiona mkorofi, na sijali.

Kwenye kufungua sina ubishi. Gari zetu zinaishi na chumvi. Gari inayolala Paje au Nungwi, hatua chache kutoka pwani, nati zake zisipoguswa muda mrefu hushikana na stadi, zile boliti za kushikia tairi, kwa kutu mpaka wilispana inakwama. Zamani dawa ilikuwa kuchomeka bomba la maji kwenye mpini, akaning'inia fundi na mwanafunzi wake. Impakti haisukumi namna hiyo. Ndani yake mna nyundo inayozunguka na kugonga fuawe, aghalabu zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, na mapigo hayo ndiyo yanayoachanisha kutu. Mkono wa fundi unatikisika tu, haupindwi.

Ya upepo ni nzuri pia, na haichoki, lakini inataka kompresa, na kompresa inataka umeme pale pale kazini. Tuliokaa Unguja bila umeme tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 hatuhitaji kuelezwa faida ya kitu unachoweza kukichaji kwa jirani mwenye jenereta.

Sasa kununua. Namba zilizo kwenye boksi nyingi ni za kuuzia. Utaona imeandikwa volti 48, 88, hata 128. Ifumue betri yenyewe, mara nyingi utakuta seli tano kwa mstari, kila moja volti 3.6. Hiyo ni 18, au 21 ikiwa imetoka kwenye chaji sasa hivi. Hata zile za majina makubwa zilizoandikwa 20 ni hizi hizi 18. Namba ya nyutoni mita, yaani kipimo cha nguvu ya kuzungusha, nayo usiisome kwa pupa: ile kubwa kuliko zote kwa kawaida ni ya kufungulia. Kwa Noah, IST au Carry, impakti ya kichwa cha nusu inchi yenye nyutoni mita 400 za kweli inatosha kabisa. Anayehangaika na Canter atafute zaidi.

Pesa ya kuongeza, iweke kwenye betri. Mashine ile ile inakuwa na nguvu zaidi ikivishwa betri ya 5Ah (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) kuliko ya 2Ah, kwa sababu seli zimepangwa safu mbili na volti hazianguki sana nati inapogoma. Anayekuletea kutoka Dubai mwambie betri za akiba azibebe mkononi ndani ya ndege, zisiingie kwenye begi la chini. Ya volti 18 na 5Ah ni wati-saa 90, na kikomo cha kawaida ni 100. Na ukiokota yako kwenye bidhaa za mtumba wa Japani, tazama chaja kwanza: nyingi za kule ni za volti 100, na soketi ya ukutani hapa ni 230. Utasikia mlio mmoja tu.

Boksi za spana, vile vikombe vinavyovaa nati, za kung'aa zilizokuja na seti ya racheti zibaki kwenye seti yake. Chini ya mapigo zinaweza kupasuka, na kipande kikakurukia jichoni. Nunua zile nyeusi nene za impakti, za pembe sita.

Kilichobaki ni ugomvi wangu na mafundi. Toyota nyingi ndogo zinataka nati ya tairi ikazwe kwa nyutoni mita 103. Kwa mpini wa sentimita 40 huo ni kama uzito wa kilo 26 tu mwishoni mwa mpini. Impakti ya 400 inalipita hilo kabla hujaondoa kidole, na kila nati inapata lake. Stadi zinavutika, diski ya breki inakazwa upande mmoja kuliko mwingine, kisha dereva anakuja kulalamika usukani unatetemeka akishika breki na anauziwa diski mpya. Halafu tairi inapasuka usiku njia ya Makunduchi, mama wa watu na wilispana yake fupi hafungui hata nati moja. Fundi keshalala kwake.

Gari za mbao za abiria zilizojengwa juu ya lori za zamani za Kijapani zina mtego wake: baadhi yake nati za upande wa kushoto zina uzi wa kinyume. Kijana akiweka mashine kwenye kufungua kwa mazoea, anakaza, tena kwa nguvu zote, mpaka stadi inakatika. Tafuta herufi L kwenye ncha ya stadi kabla ya kubonyeza.

Mimi nataka hivi: nati zianzwe kwa vidole, jeki ishuke, kisha zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, nati moja halafu ya upande wa pili, kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Gereji haina? Wilispana ya gari na mkono wa mtu mmoja, bila bomba na bila kuikanyaga. Halafu zijaribiwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, maana nati hulegea kidogo rimu inapokaa mahali pake, hasa za aloi. Kutoka mjini hadi Makunduchi kunatosha.